Umefuta Programu kwa Simu, Lakini Data Yake Bado Iko Mtandaoni

Tuseme unauza mitumba katikati ya Eldoret, karibu na Uganda Road. Sacco yako imekubali kukupa mkopo wa kuongeza bidhaa, ila kwanza inataka taarifa ya malipo yako ya miezi sita, na siku ya mwisho ni Ijumaa. Umeiomba kupitia simu, ukaambiwa itatumwa kwa barua pepe. Umengoja asubuhi hadi jioni, hakuna kitu. Umeomba tena, kimya. Hapo unaanza kusema hii kampuni inanizungusha.

Mara nyingine kosa huwa letu, na ukitupigia simu tutalirekebisha. Lakini kuna sababu moja ambayo wateja wengi hawaifikirii: nafasi ya akaunti yako imejaa. Taarifa ilitumwa, ikakosa pa kuingia, ikarudishwa. Na mara nyingi kilichojaza nafasi hiyo si barua. Ni picha, video na data ya programu, zikiwemo programu ulizofuta kwa simu zamani ukadhani umemalizana nazo.

Katika somo hili tutaona data hiyo inakaa wapi, jinsi ya kuiondoa, na nini usiguse kabisa.

Simu ni ghala la nyumbani, akaunti ni depo

Mkulima wa hapa Uasin Gishu akipeleka magunia ya mahindi depo ya NCPB, kisha afunge ghala lake la nyumbani, magunia ya depo hayaondoki. Yatakaa kule mpaka aende mwenyewe na stakabadhi.

Simu iko hivyo hivyo. Programu nyingi hutunza vitu mahali pawili: ndani ya simu, na kwenye hifadhi ya mtandaoni, yaani nafasi unayopewa na Google au Apple kwenye kompyuta zao. Ukifuta programu kwa simu, umefunga ghala la nyumbani. Yale ya depo bado yako, yamefungwa na akaunti yako, si na simu. Ndiyo maana ukinunua simu mpya na kuingia na akaunti ile ile, vitu vya zamani vinarudi.

Nafasi ya bure ina kikomo. Google hutoa GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe za Gmail, faili za Google Drive na picha za Google Photos. Zamani picha zenye ubora wa kawaida hazikuhesabiwa. Tangu 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Nakala za mazungumzo ya WhatsApp kwa simu za Android nazo zilikuwa hazihesabiwi, lakini kuanzia 2024 zikaanza kula nafasi hiyo hiyo. Apple nao hutoa GB 5 pekee za iCloud. Ukiwa kwa magrupu matano ya harambee na matanga, yenye video kila siku, nafasi inaisha haraka sana. Na GB 15 za Google zikijaa, Gmail yako haiwezi tena kutuma wala kupokea barua.

Kabla ya kufuta chochote

Hofu ya kwanza huwa ni hii: "Nikifuta data, pesa zangu zitapotea?" Hapana. Salio lako halikai kwenye hifadhi ya Google wala ndani ya simu. Liko kwenye mitambo yetu, chini ya nambari yako. Unaweza kufuta programu yetu leo, uiweke tena kesho, ukute salio ni lile lile.

Hata hivyo, fanya mambo matatu kwanza:

1. Jua akaunti ni ya nani. Watu wengi walifunguliwa akaunti ya Google na muuza simu dukani siku ya kununua. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya Google, usome anwani ya barua pepe iliyo hapo. Je, unaijua? Neno la siri unalijua wewe, au analijua yule kijana wa duka? Kama hulijui, libadilishe kabla ya jambo lingine lolote. Ikishindikana, fungua akaunti yako mpya na uhamishie majina na nambari za watu huko.

2. Toa rekodi unazohitaji. Pakua taarifa za malipo na risiti za biashara. Sheria ya taratibu za kodi ya Kenya inamtaka mfanyabiashara atunze rekodi zake kwa miaka 5, kwa hivyo usizifute kwa sababu tu zinakula nafasi. Ziweke kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi, au uzichapishe.

3. Tenga muda na bando. Kazi hii inahitaji intaneti isiyokatika na akili iliyotulia. Usiifanye ukiwa ndani ya matatu.

Hatua za kusafisha akaunti ya Google

*Hatua ya 1: Ona kilichojaza.* Kwenye kivinjari, fungua one.google.com/storage. Utaona mgawanyo: Photos imekula ngapi, Gmail ngapi, Drive ngapi. Anza na iliyo kubwa.

*Hatua ya 2: Futa nakala za simu za zamani.* Fungua programu ya Google Drive, bonyeza mistari mitatu iliyo juu, kisha uchague nakala rudufu, yaani kopi za akiba. Utaona majina ya simu. Ile uliyouza au iliyoibiwa zamani inaweza kuwa bado imeorodheshwa hapo. Bonyeza vitone vitatu kando ya jina lake, uifute. Usiguse nakala ya simu unayotumia sasa.

*Hatua ya 3: Ondoa data iliyofichwa.* Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu data hii haionekani kati ya faili zako za kawaida. Inahitaji kompyuta. Fungua drive.google.com, bonyeza alama ya gia juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya kudhibiti programu. Utaona orodha ya programu zilizounganishwa na Drive yako. Kando ya kila moja kuna chaguo. Kwa zile usizozitumia tena, chagua kufuta data ya programu iliyofichwa, kisha uitenganishe na Drive. Lakini kwa programu unayoitumia bado, acha. Ukifuta data yake unaweza kupoteza mazungumzo au mipangilio usiyoweza kuirudisha.

Kama kompyuta ni ya saiba, usikubali ikuhifadhie neno la siri, na ukimaliza utoke kabisa kwenye akaunti. Usifunge dirisha tu na kuondoka.

*Hatua ya 4: Punguza nakala ya WhatsApp.* Ndani ya WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, gumzo, kisha hifadhi nakala. Zima uhifadhi wa video. Maandishi na picha zako zitaendelea kutunzwa.

*Hatua ya 5: Mwaga takataka.* Faili ulizofuta Drive hukaa kwenye tupio kwa siku 30, na picha zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni hukaa kwenye tupio la Google Photos kwa siku 60. Mpaka utupe vilivyo humo, nafasi haijarudi. Pitia tupio la Gmail pia.

Onyo moja kuhusu picha. Ukifuta picha ndani ya Google Photos, inatoka kwa simu na mtandaoni pia, mahali pote pawili. Watu wamepoteza picha za watoto wao hivyo, wakidhani wanapunguza mzigo wa mtandaoni peke yake. Picha unayoipenda, inakili kwingine kwanza.

Wenye iPhone

Fungua mipangilio, bonyeza jina lako juu kabisa, ingia iCloud, kisha sehemu ya kudhibiti nafasi. Utaona programu moja moja na kiasi ilichokula. Chagua usiyoihitaji, kisha ufute data yake. Nakala za simu za zamani utazikuta humo humo.

Programu za mikopo: hapa kazi ni zaidi

Kuna data ambayo haiko Google wala Apple. Iko kwa kampuni yenyewe. Programu za mikopo ya simu ndizo mfano mkubwa. Nyingi za zamani ziliomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi kwa simu, na watu wakajikuta bosi, mchungaji na mama mkwe wanapigiwa simu kuhusu deni la elfu mbili.

Mambo yamebadilika. Tangu 31 Mei 2023, Google haikubali programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina ya watu wala picha zako. Tangu 2022, Benki Kuu ya Kenya ina kanuni za kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, na hutoa orodha ya walio na leseni. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliwatoza faini wakopeshaji waliotumia vibaya nambari za watu. Lakini kama uliweka programu kama hiyo miaka ya nyuma, huenda majina yako yalishachukuliwa, na kufuta programu hakuyarudishi.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

- Lipa deni kama lipo, na utunze uthibitisho wa malipo. Kufuta programu hakufuti deni. Litaendelea kukungoja, na jina lako linaweza kupelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo.
- Kabla ya kuondoa programu, ingia ndani yake na uombe akaunti ifutwe. Sera za Google Play na za Apple zinataka programu inayofungulia watu akaunti iwape pia njia ya kuifuta.
- Andika barua pepe kwa kampuni uombe data yako ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, inakupa haki ya kuomba kufutwa kwa data isiyohitajika tena, iliyozidi kiasi au iliyopatikana kinyume cha sheria. Weka tarehe, utunze kopi. Kuna rekodi ambazo kampuni inalazimika kisheria kuzihifadhi, lakini majina ya ndugu na marafiki zako ni jambo lingine.
- Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.
- Mwisho, ingia kwenye usalama wa akaunti yako ya Google, tafuta programu za nje zilizounganishwa nayo, ukate uhusiano na zile usizozitambua.

Ukiuza simu au kumpa mtu wa nyumbani

Simu nyingi hapa kwetu hazitupwi. Zinauzwa, au zinaenda kwa shangazi kijijini, au kwa mtoto anayeingia chuo. Fuata mpangilio huu: hamisha vitu vyako kwenye simu mpya, hakikisha vimefika, toka kwenye programu ya malipo, ondoa akaunti ya Google au Apple kwa simu ya zamani, rudisha simu katika hali ya kiwandani, toa laini yako. Ukimpa shangazi simu bila kuondoa akaunti, picha zake zitaingia kwako, na picha ya kitambulisho chako itakuwa mkononi mwa kila anayeshika simu yake. Si kwamba shangazi ni mwizi. Simu yake inaweza kuibiwa stejini.

Tukizungumzia kitambulisho: tafuta kwenye picha na faili zako za mtandaoni picha za kitambulisho pande zote mbili, za kadi ya benki, na ile karatasi uliyoandika PIN ukaipiga picha usisahau. Zifute, kisha umwage tupio. Mlaghai akipata kitambulisho na PIN mahali pamoja, umemrahisishia kazi. PIN kaa nayo kichwani.

Jipime

1. Umefuta programu kwa simu. Data yake ya mtandaoni imekwenda? *Hapana. Iko kwa akaunti yako, na nyingine iko kwa kampuni.*
2. Umefuta picha 500 lakini nafasi haijaongezeka. Kwa nini? *Bado ziko kwenye tupio.*
3. Umefuta programu yetu ya malipo. Salio liko wapi? *Liko salama chini ya nambari yako.*

Sasa rudi kwa yule mwenye kibanda cha mitumba. Akimaliza Hatua ya 5, akaomba taarifa upya, kuna nafasi ya kuipokea, na Ijumaa haijafika. Wewe usingoje mpaka sacco ikuombe. Jumapili hii jioni, fungua one.google.com/storage uone umebakiwa na ngapi.

Na kumbuka: mtu akikupigia akidai anataka kukusaidia kusafisha akaunti yako, kisha akuombe PIN, neno la siri au nambari ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu yako, kata simu. Wafanyakazi wetu hawaulizi hayo, hata siku moja.