Baridi Nayo Hutiririka

Mwezi wa Julai toka nyumbani alfajiri ushuke korongoni, pale Ng'iresi au Nkoaranga. Juu mgongoni mwa kilima baridi inavumilika. Ukifika chini, meno yanagongana! Je, kwa nini?

Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi. Hewa inayoigusa hupoa pia, ikawa nzito. Kitu kizito hutafuta chini. Basi hewa hiyo huteremka polepole ikifuata makorongo, kama maji ya mvua, ikatuama bondeni. Ndiyo maana kitalu cha nyanya kilichopo shimoni hupigwa na baridi, na cha jirani aliye mteremkoni kikabaki kizima. Tena ukiweka ua mzito upande wa chini wa kitalu, umejenga bwawa la baridi.

Baharini mambo ni yale yale, ila ni makubwa mno. Kusini kabisa mwa dunia ipo nchi ya barafu, Antaktika. Maji ya bahari yakiganda huko, chumvi nyingi haigandi pamoja nayo. Hubaki katika maji yaliyo chini ya barafu. Maji hayo yana baridi ya karibu digrii 2 chini ya sifuri, na chumvi imezidi, kwa hiyo ni mazito. Huporomoka hadi vilindini kwa kupitia makorongo yaliyomo humo humo baharini. Mwaka 2013 watafiti wa Japani na wenzao walieleza habari za korongo moja la namna hiyo, karibu na Rasi ya Darnley. Vipimo vingine vilichukuliwa na sili, wanyama wa baharini, waliobandikwa vyombo kichwani!

Maji haya hutambaa kaskazini kwa miaka mingi, yakichanganyika na mengine. Hupita magharibi ya Shelisheli, yakafika vilindi vya upande wetu. Mbali mashariki ya Zanzibar, kwenye kina cha mita 4,000, baridi haifiki hata digrii 2, ingawa juu jua ni kali. Maji hayo ndiyo yanayopeleka oksijeni kwa viumbe wa kilindini. Lakini barafu ya nchi kavu ikiyeyuka, chumvi huzimuliwa na uzito hupungua. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba maji hayo mazito yamepungua.

Jaribuni kisomoni. Tieni maji ya vuguvugu katika glasi. Chukueni chai ya rangi iliyopoa, korogeni na chumvi vijiko viwili, kisha imimineni taratibu ukingoni mwa glasi. Je, rangi inakwenda wapi?