Bunge na uuzaji wa silaha: mfano wa Marekani

Katika mikutano na wakimbizi wa ndani tunaulizwa mara nyingi: serikali ikitaka kuuzia nchi rafiki silaha, nani anaichunguza? Tuangalie Marekani. Sheria ya mwaka 1976 inalazimisha serikali kuliarifu Bunge kabla ya mauzo makubwa. Bunge linapata siku 30. Kwa washirika wa karibu, kama nchi za NATO, ni siku 15 tu. Likinyamaza, mauzo yanaendelea.

Mwezi wa Mei 2019 serikali ya Donald Trump ilitangaza hali ya dharura na kuuruka muda huo, ili iuze silaha za dola karibu bilioni 8 kwa Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Yordani, vita vya Yemen vikiendelea. Bunge lilipitisha maazimio 3 ya kupinga. Raisi akayakataa yote, na Seneti ikakosa theluthi mbili za kura za kumshinda. Lakini angalau wabunge walijua nini kinauzwa, kwa nani na kwa bei gani, wakahoji hadharani.

Kwetu Kongo, kifungu cha 138 cha katiba ya 2006 kinawapa wadepite na maseneta haki ya kuhoji serikali na kuunda tume ya uchunguzi. Mkikutana na depite wenu, mwulizeni kama amekwisha kuitumia haki hiyo juu ya silaha.