Dondoo muhimu: Mizani itaje tarehe ya programu yake

Mizani za kidijitali za pamba zikishasambaa Maswa, Meatu na Itilima, fundi aliyebaki Bariadi hawezi kukumbuka ipi ina programu ya lini. Acha iseme yenyewe. Lugha ya C, tangu kiwango cha 1989, inakupa hivi:

`const char toleo[] = __DATE__ " " __TIME__;`

Ionyeshe kwenye skrini mizani inapowashwa. Ni herufi 20 tu, nafasi zikiwemo. Usipoitumia popote, linka inaweza kuitupa.

Kinachowaponza wengi ni hiki: tarehe hubadilika pale tu faili yenye mstari huo inapokompailiwa upya. Ukirekebisha faili nyingine, `make` haitaigusa, na mizani itataja tarehe ya zamani huku programu ikiwa mpya. Bora isingetaja kabisa. Mstari huo uweke kwenye faili ya peke yake, na `.o` yake uifute kila unapojenga.

Saa inayoandikwa ni ya kompyuta yako. Betri yake ya saa ikifa na umeme ukikatika, utapata tarehe ya uongo. Tarehe 1 hadi 9 hutanguliwa na nafasi tupu, si sifuri.

Kabla mizani haijapakiwa kwenye pikipiki kwenda Meatu, iwashe, soma tarehe, iandike daftarini.