Tiba ya saikolojia kwa simu, kutoka Bukavu hadi Bunyakiri

Kijana wa Bulambika asiyelala kwa kuumwa na mifupa hawezi kupanda gari kila juma kwenda kuonana na mwanasaikolojia Bukavu. Barabara ya Taifa namba 3 inapita katikati ya msitu wa Kahuzi-Biega, na mvua ikinyesha malori hukwama matopeni. Mtikisiko peke yake unamrudisha kitandani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 kuhusu maumivu sugu ya watoto, yaani yanayozidi miezi 3, unakubali tiba ya saikolojia itolewe ana kwa ana, kwa mbali, au kwa kuchanganya. Simu basi inafaa, mradi usiitumie kama watu wa mjini.

Anza na muuguzi wa huko, akuambie maumivu yanatokana na nini. Wapo vijana wenye selimundu, wale tunaowaita SS. Damu yao huziba mishipa midogo, na mazungumzo hayaizibui. Homa, kifua kuuma, kupumua kwa shida au upande mmoja wa mwili kulegea: kikao kinaahirishwa, mgonjwa apelekwe Hospitali Kuu ya Rufaa ya Bunyakiri. Wala usimwambie kamwe kwamba anajidhania tu.

Kisha uliza simu ni ya nani. Mara nyingi ni ya baba au kaka, na imeachwa dukani kwenye sola ikichajiwa. Kila kikao kianze na swali la kujibiwa ndiyo au hapana: “Uko peke yako?” Akisema hapana, ongeeni habari za shule. Kubalianeni pia neno la siri. Akisema “naenda kuchota maji”, ujue mtu kaingia. Video iache, inakula mega bure. Mrekodie kwa WhatsApp sauti ya dakika 3 ya kumwongoza kupumua polepole, kwa Kitembo kama ndicho anachokisikia vizuri, aihifadhi aisikilize usiku hata rezo ikiwa haipo. Sauti zinazogusa siri zake azifute.

Usifungue kwa kuuliza maumivu ni mangapi kati ya 10. Uliza jana alifanya nini. Binti atakujibu kwamba alijisikia nafuu, akabeba bidoni zote za maji asubuhi moja, na tangu hapo amelala. Hapo ndipo pa kazi. Mpangie bidoni moja ndogo, apumzike kabla maumivu hayajamsimamisha, na siku ya nafuu asizidishe. Baada ya juma, ongeza kidogo. Mama yake naye mtengee muda: akimuuliza mtoto “bado inauma?” kutwa nzima, mtoto hana nafasi ya kuwaza jingine. Amuulize masomo, au nani kashinda mpira. Familia ikitaja uchawi, usibishane. Omba tu dawa za hospitali zisikatizwe na ngozi isichanjwe.

Swali la kutaka kufa uliza waziwazi, huku ukijua yuko wapi na mtu mzima gani yuko karibu. Jibu likikutisha, mpigie mtu huyo na muuguzi saa hiyohiyo, kisha shauriana na SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Bukavu.

Na rezo ikikatika, wewe ndiye wa kupiga tena. Unite zake ni za baba.