Ziwa Nzilo na Korongo la Lualaba: Mwongozo kwa Mgeni wa Kolwezi

Wengi wanaofika Kolwezi huja kwa ajili ya shaba na kobalti, wakaondoka bila kuuona mto ulioupa mkoa jina lake. Wanakosa mengi. Kaskazini mwa mji, Lualaba unaingia katika korongo la Nzilo na kushuka zaidi ya mita 400 katika mwendo wa kilomita 70 hivi, kisha unatulia kwenye tambarare za Bukama. Mteremko huo ndio uliovuta mabwawa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Union Minière ilijenga bwawa la Nzilo, lililoitwa Delcommune, na la Nseke, lililoitwa Le Marinel, ili migodi ipate umeme. Karne hii limeongezwa la Busanga, lenye uwezo wa megawati 240. Mto huu bado una mengi ya kumpa mgeni, na ungeweza kumpa zaidi.

Kufika na majira

Kutoka Lubumbashi ni kilomita 300 hivi kwa barabara, kupitia Likasi na Fungurume. Malori ya madini ni mengi, kwa hiyo ondoka alfajiri na usisafiri usiku. Weka tayari noti ndogo za kulipia vituo vya barabarani. Dola hupokelewa sawa na faranga, ila noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano na dawa za kinga ya malaria.

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali: chukua sweta. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huharibu njia za udongo zinazoelekea ziwani.

Vibali na picha

Eneo hili ni la migodi. Ukiwa mgeni wa nje ya nchi, uliza mapema idara ya uhamiaji, DGM, kuhusu vibali, na utembee na nakala za pasipoti na viza. Usipige picha ya bwawa, daraja, mgodi wala askari. Ukifika kijijini, anza kwa chifu: msalimie, mweleze unakokwenda, umwombe mtu wa kukuongoza.

Ziwani

Ziwa Nzilo liko kaskazini na mashariki mwa mji, na ndipo pa kuanzia. Kodi mtumbwi pamoja na mwenyewe, na mpatane bei mkiwa bado nchi kavu. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kabla ya kupanda, tazama ndani: ikiwa maji yamejaa sakafuni na kopo la kukumbia halionekani, chagua mtumbwi mwingine. Jaketi la kuokolea maisha njoo nalo mwenyewe, na livae tangu ukingoni.

Epuka kuoga penye majani na maji yaliyotuama, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa huko. Uliza wavuvi kuhusu mamba na viboko, na uwasikilize. Mwaka 2010, Hendri Coetzee, mpiga kasia hodari kutoka Afrika Kusini, aliuawa na mamba katika mto Lukuga, unaotoka Ziwa Tanganyika na kuingia Lualaba. Ujuzi wake wote haukumkinga.

Mchana, nunua samaki pale pale ufukweni. Mwenye mashavu mekundu ndiye mbichi. Mama wa kibandani atakupikia na kukuandalia kwa bukari (ugali) na sombe (kisamvu).

Korongoni

Korongo litazame kutoka juu, ukiwa na mwenyeji. Usishuke kwenye mawe. Maji mengi hupelekwa kwenye mitambo, na mkondo unaobaki hupanda bila taarifa malango yakifunguliwa. Alama ya unyevu kwenye mwamba ulio juu ya kichwa chako inaonyesha maji yanaweza kufika wapi. Ukijikuta karibu na mto, ukaona vijiti na majani yanaanza kuelea au ukasikia mngurumo umebadilika, panda mara moja. Mizigo iache.

Mito ya Musonoi na Luilu, iliyo jirani, usiiguse. Kwa miongo mingi imepokea mabaki ya viwanda vya shaba. Usinywe maji yake, usioge, usile samaki wake.

Ukitaka maji ya kasi sasa

Kwa kuwa maji mengi ya korongo la Nzilo hupelekwa kwenye mitambo, ukitaka kuteremka maji ya kasi kwa mashua nenda Jinja, Uganda. Huko maporomoko ya Bujagali yalizama chini ya bwawa lililozinduliwa mwaka 2012, na bwawa la Isimba la 2019 likameza mengine. Lakini makubaliano ya mwaka 2007 kati ya serikali na Benki ya Dunia yalitenga maporomoko ya Kalagala na Itanda yasijengwe bwawa. Kwa sababu hiyo kazi ya kupeleka wageni kwenye maji ya kasi imeendelea, na vijana wa vijiji vya jirani wanapata riziki.

Maji yanavyoweza kurudi

Hakuna haja ya kuvunja ukuta wa Nzilo; Kolwezi inahitaji umeme. Kinachohitajika ni ratiba. Marekani, sheria ya mwaka 1986 iliingiza burudani ya maji ya kasi katika kazi rasmi za bwawa la Summersville, kwenye mto Gauley. Kila vuli maji hufunguliwa kwa siku zinazotangazwa mapema, na maelfu ya watu hufika, wakilala na kula katika miji midogo ya jirani.

Lualaba unaweza kupata siku zake. Wavuvi washirikishwe, king'ora kilie kabla ya malango kufunguliwa, na tarehe zibandikwe vijijini. Hatua hizo zingewalinda hata wanawake wanaofua nguo mtoni leo bila onyo lolote. Mto huu ulitoa nguvu zake kwa migodi kwa miaka 70. Ni haki wakazi wake warudishiwe sehemu.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, pita idara ya utalii ya mkoa. Waeleze kwamba umekuja kwa ajili ya mto, umemlipa nani na kwa kazi gani, na uombe kwa maandishi ratiba ya maji na king'ora. Shirika la umeme, SNEL, lipelekee nakala. Maombi ya aina hiyo yakiwa mengi, wavuvi wa Nzilo watakuwa na ushahidi wa kuweka mezani.