Mchuma Pamba Katika Sinema

Sisi wa Mwanza tunaijua kazi ya kuchuma pamba. Mgongo unauma na vidole vinachubuka. Je, wewe huchuma kilo ngapi kwa siku?

Zamani huko Marekani alikuwako mtumwa mmoja, msichana aitwaye Patsey. Watumwa wenzake walitakiwa kuchuma kilo 90 hivi kwa siku. Patsey aliweza kuchuma kilo 225. Lakini pamba yote ilikuwa mali ya bwana wake, na bwana huyo alimtesa. Siku moja Patsey alikwenda kwa jirani kuomba kipande cha sabuni. Aliporudi alifungwa, akachapwa viboko vikali.

Habari hizi ni za kweli. Ziliandikwa na Solomon Northup katika kitabu chake cha mwaka 1853. Solomon alikuwa mtu huru. Mwaka 1841 alitekwa, akauzwa, akakaa utumwani miaka 12. Alifanya kazi shamba moja na Patsey.

Mwaka 2013 kitabu hicho kilitengenezewa sinema. Aliyeigiza kama Patsey ni Lupita Nyong'o, Mkenya. Baba yake ni mtu wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu hili.

Lupita hakuanzia juu. Alipokuwa na miaka 14 aliigiza jukwaani Nairobi. Baadaye alifanya kazi ndogo ndogo za kuwasaidia watengenezaji wa sinema. Kisha akaenda Marekani kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Alimaliza mwaka 2012.

Katika sinema hiyo Lupita alikuwa mwigizaji msaidizi. Mwigizaji mkuu ni yule anayebeba hadithi, naye alikuwa Solomon. Mwigizaji msaidizi huonekana kwa muda mfupi zaidi. Lakini asipofanya kazi yake vizuri, hadithi hulegea. Wahenga walisema: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tarehe 2 Machi 2014 Lupita alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Mwaka 2016 aliigiza jukwaani New York, katika mchezo juu ya wanawake wa vita vya Liberia. Mwaka huo huo alionekana katika sinema ya "Malkia wa Katwe". Humo ni mama wa Kampala auzaye mahindi ili alee watoto wake.

Mwishoni Solomon alirudi kwao akiwa huru. Patsey alibaki shambani. Hakuacha kitabu. Wengi wanamkumbuka leo kwa sababu mwenzake aliandika, na mtu wa kando ya ziwa letu akaigiza vyema.

Maswali

1. Kwa nini Patsey alichapwa?
2. Mwigizaji msaidizi ana kazi gani?
3. Katika kijiji chako, nani hufanya kazi kubwa lakini hatajwi? Andika jina lake na kazi yake.