Somo la Afya: Tumfahamu Nzi wa Nyumbani na Tumzuie Asizaliane

Katika ziara zetu kwenye vigango vya ukanda wa pwani, upande wa Pangani na Muheza, swali tuliloulizwa mara nyingi kuliko yote halikuhusu visima wala ada za shule. Lilihusu nzi. Akina mama wa kamati moja walitupeleka kwenye jiko la shule ya chekechea. Jiko limefagiliwa, vyombo vimeanikwa kwenye kichanja, na bado sufuria ya uji imezungukwa na nzi. Watoto wa shule hiyo walikuwa wakiharisha mara kwa mara. “Usafi tunafanya kila Jumamosi bila kukosa,” walituambia. “Sasa tunakosea wapi?”

Hawakukosea kufanya usafi. Walikosea hesabu ya siku, na hesabu hiyo ndiyo kiini cha somo hili.

Nzi jike hutaga mayai kati ya 75 na 150 kwa mara moja, na katika maisha yake anaweza kutaga mara kadhaa. Huyaweka mahali penye unyevu na uozo: samadi, maganda ya matunda, machicha ya nazi, utumbo wa samaki. Katika joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Wanaotoka ni mabuu, wale funza weupe ambao wengi wetu tumewaona jalalani. Buu hula kwa siku nne au tano, kisha huondoka kwenye unyevu na kutafuta mahali pakavu pembeni. Hapo hujifunga ndani ya ganda la kahawia kama punje ndogo, hatua ambayo wataalamu huiita pupa (tusiichanganye na pupa ya mtu mwenye haraka). Baada ya siku chache nzi kamili anatoka. Kwa joto la nyuzi 30 na kitu, safari yote kutoka yai hadi nzi huchukua siku 8 hadi 10 hivi. Huko milimani Lushoto, penye baridi, huchukua muda mrefu zaidi, ndiyo maana ushauri unaotosha kule hautoshi Tanga.

Sasa turudi kwenye Jumamosi. Taka zilizotupwa Jumapili zikitagiwa mayai siku hiyohiyo, kufika Ijumaa mabuu wameshiba na wameshaanza kuhamia kwenye udongo wa pembeni. Jumamosi tunazoa taka, lakini nzi wa wiki ijayo wamebaki ardhini wakisubiri kuruka. Kwa hiyo ukanda wa pwani unahitaji kuzoa taka angalau mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi, na kukwangua udongo wa kuzunguka jalala pamoja na taka zenyewe. Kamati ile haikuhitaji fedha mpya. Ilihitaji zamu ya Jumatano.

Kabla ya kupanga lolote, tutazame ni nzi gani tulio nao. Nzi wa nyumbani ana rangi ya kijivu, na mgongoni ana mistari minne myeusi ya urefu. Huyo tumtafute kwenye samadi na taka za jikoni. Akiwa mkubwa, mwenye kung'aa kijani au buluu, tukague mizoga, mabaki ya samaki na shimo la choo. Yupo pia mdogo anayependa kutua machoni mwa watoto. Huyu huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na huhusishwa na kueneza ugonjwa wa trakoma, yaani vikope. Kamati isiyotofautisha hawa watatu inaweza kuhangaika na jalala wakati chanzo ni vichaka vya nyuma ya shule.

Nzi hawezi kutafuna. Hutema mate juu ya chakula kigumu ili kukiyeyusha, kisha hukinyonya, na mara nyingi hujisaidia hapohapo. Vijidudu hubebwa miguuni na tumboni mwake. Mwenye kutoka chooni akatua kwenye uji anaweza kuleta kuhara, kuhara damu au homa ya matumbo. Kawa la ukindu ambalo bibi zetu walifunikia chakula lilikuwa kinga halisi, na tunasikitika kuona nyumba nyingi zimeliacha.

Kuhusu vyoo, hapa tunapaswa kukiri kosa letu mbele ya wafadhili. Miaka michache iliyopita tulijenga vyoo vya shimo vyenye bomba la hewa katika shule mojawapo. Tulipiga picha, tukaandika taarifa. Tuliporudi kukagua, wavu wa juu ya mabomba mengi ulikuwa umeliwa na kutu, kwa kuwa tulinunua wa chuma cha kawaida, wa bei nafuu. Bomba lisilo na wavu hupunguza harufu chooni, lakini nzi wanaozaliwa shimoni hutokea juu yake na kwenda zao jikoni.

Choo cha namna hii kilibuniwa na watafiti wa maabara ya Blair nchini Zimbabwe katika miaka ya 1970. Katika jaribio lao moja la siku 78, choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953 na chenye bomba kilitoa 146 tu. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, hivyo nzi wa nje hufuata harufu kwenye ncha ya bomba na kukuta wavu. Waliomo ndani hufuata mwanga, hupanda bomba, na kufia chini ya wavu huohuo. Ili hayo yatokee, ndani ya choo pawe na giza kiasi, bomba lipite juu ya paa kwa nusu mita, na tundu lisifunikwe, kwani hewa lazima ipite. Mabango yetu ya zamani yalisema kila tundu lifunikwe. Hiyo ni kweli kwa choo kisicho na bomba tu, na walimu waliotutii waliziba hewa. Tatizo la giza nalo lipo: watoto wadogo huliogopa, wakaishia vichakani. Walimu wa shule hiyo sasa huwasindikiza wadogo, nasi tunaona hilo ni bora kuliko kutoboa dirisha.

Je, dawa ya kupulizia? Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Gambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa upuliziaji ulipunguza nzi machoni mwa watoto kwa asilimia 88, na vyoo peke yake kwa asilimia 30. Hatuwezi kusema dawa haifanyi kazi. Lakini inabidi irudiwe tena na tena, na nzi hujenga usugu upesi. Tunaishauri kwa dharura, kama mlipuko wa kipindupindu, si kwa bajeti ya kila mwezi.

Wafugaji wa kuku wa mayai wahakikishe mbolea ya bandani inabaki kavu: warekebishe vyombo vya maji vinavyovuja na kuongeza maranda. Lundo la mboji lipinduliwe na kufunikwa, maana joto la katikati huua mabuu ila kingo zake hubaki poa. Utumbo wa samaki ufukiwe siku hiyohiyo, udongo wa juu uwe sentimeta 30 na ushindiliwe.

Kabla ya masika, tunaomba kila kamati ipandishe mtu mwenye ngazi kukagua wavu wa kila bomba, na majibu yaletwe kwetu pamoja na taarifa ya robo mwaka. Wavu wa kubadilisha uwe wa nyuzi za kioo au chuma kisichoshika kutu. Gharama yake tumeiweka kwenye maombi ya mwaka ujao, ikifuatana na picha za mabomba yaliyobaki wazi.